Jibu la Tatu

Pale Bariadi, ukitoka stendi kwenda sokoni, kuna banda la bati lenye pazia la kitenge mlangoni, na ndani yake anakaa mwanamke mwenye maswali kuliko askari wa upelelezi. Jina lake Eufrasia, ila wateja wanamwita Mama Gemu. Ukiingia mara ya kwanza atakuuliza unatoka wapi, kwenu mnalima nini, mama yako yuko hai, na nani kakudanganya unyoe hivyo. Hana ubaya. Ni mtu tu asiyeweza kumwona binadamu akapita bila kutaka kujua ndani yake kuna nini.

Tabia hiyo hakuipata kwenye gemu. Alizaliwa Nkololo, kitinda mimba wa Mzee Mihayo, mfugaji na mkulima wa pamba, na utotoni alichapwa sana kwa kuwauliza wageni mambo yasiyomhusu. Alipomaliza kidato cha nne akaja mjini, akapata kibarua cha kukata tiketi kwenye banda la video. Enzi hizo filamu za kigeni zilikuwa na mtu wa kuzitafsiri. Anakaa pembeni na maikrofoni, anawasemea wote, bosi, jambazi, mpaka mbwa. Eufrasia alimsikiliza yule jamaa miaka na miaka, na siku jamaa aliposhikwa na homa, yeye akakamata maikrofoni. Hakuna mtazamaji aliyetoka.

Simu zilipoanza kuleta filamu mifukoni mwa watu, banda la video likafa kifo cha kawaida. Eufrasia na mumewe Selestini, fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, wakanunua runinga mbili za mitumba na mashine zake za gemu. Runinga ya kwanza ni ya mpira, na hiyo haina la kusimulia, ni kelele tu. Ya pili ndiyo yenye mambo.

Ina gemu moja ambayo ndani yake wewe ni msafiri. Unatembea kijiji hadi kijiji, na kila unayekutana naye anakusemesha. Akimaliza, chini ya skrini yanatokea majibu matatu, uchague moja. La kwanza huwa la upole, la pili la kujitafutia faida, la tatu la kiburi. Ukishajibu, yule mtu anakukumbuka, na mbele ya safari utavuna ulichosema. Maandishi yote ni ya Kiingereza, na wateja wengi Kiingereza chao kiliishia getini kwa shule. Kwa hiyo Eufrasia anakaa nyuma ya mteja, anasoma na kutafsiri kwa sauti. Bibi anakuwa bibi, mfalme anakuwa mfalme, na palipopooza anaongeza chumvi yake.

Kukaa hapo nyuma kukamfungulia mambo. Alimwona Ferdinand, afisa ardhi aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba, mtu mpole ambaye ofisini karani akichelewa yeye ndiye anayeomba radhi. Mpe pedi, kile kidude cha kuchezea, huyo Ferdinand uone. Anatisha wachuuzi, anamtukana mfalme, anamnyang'anya kipofu bakuli. Kila jioni akitoka kazini anakuja, anachagua jibu la tatu toka mwanzo hadi mwisho, kisha anashukuru na kwenda zake nyumbani taratibu. Eufrasia alimtazama mgongo wake akitoka na kujiuliza yupi kati ya hao wawili ndiye Ferdinand mwenyewe.

Alimwona pia Danford wa bodaboda, aliyesimama mbele ya mfalme na kukaa kimya mpaka skrini ikajizima.

"Mama Gemu," akasema, "kitufe cha kumwamkia ni kipi?"

"Hakuna cha kumwamkia. Jibu tu."

"Basi mimi siwezi. Mtu mzima huyu nianze kuongea naye hivi hivi, kwani tumegombana?"

Akarudisha pedi, akahamia kwenye mpira. Toka siku hiyo Eufrasia akawa anachomeka salamu kwenye jibu la kwanza, hata kama waliotengeneza gemu hawakuiweka, na Danford akarudi.

Basi Eufrasia akajijengea imani yake. Mtu akikutana nawe sokoni, alisema, anakuwa amejipanga. Lakini mpe majibu matatu na mtu wa kwenye skrini asiyeweza kumshtaki popote, hapo utamwona alivyo. Selestini hakukubaliana naye hata kidogo.

"Watu wanabonyeza tu, Eufrasia," alisema huku akijichokonoa meno. "Mimi nikichagua kumuua mfalme, utanipeleka polisi?"

"Wewe ungemuua kweli?"

"Ningetaka kuona kitatokea nini."

"Haya, na hilo nalo nimelijua juu yako," akasema Eufrasia.

Sehemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya bibi wa kisimani. Ni kikongwe anayekaa peke yake kando ya njia. Anasema, "Karibu mjukuu wangu, siku nyingi sijaona mtu." Jibu la kwanza, kwa tafsiri ya Eufrasia, ni hili: "Shikamoo bibi, pole na upweke, naomba nikuchotee maji." La pili: "Nitakuchotea ukinipa chakula." La tatu: "Wewe kizee, bado hujafa tu? Toka hapo kisimani." Ukichagua la tatu, bibi anaingia ndani, anafunga mlango, na hata ukirudi mara ngapi haufungui tena. Eufrasia aliwahi kumnyima mteja nafasi ya kucheza siku nzima kwa kulichagua hilo huku anacheka.

Na alikuwa na sababu ya kuguswa na bibi yule. Mama yake mzazi, Bibi Minza, alibaki peke yake Nkololo tangu Mzee Mihayo alipofariki. Mzee alizikwa uani, pembeni ya zizi, na Bibi Minza akasema hatoki hapo, asiyetaka kumfuata huko amwache. Kisha akaanguka, akavunjika mguu. Mguu ukaunga, ila yeye akaanza kufifia. Chakula anakionja na kukisukuma. Maneno anayatoa kwa kijiko. Hospitali walimpima kila kitu, daktari akasema hana ugonjwa, ale tu. Sasa mtu asiyetaka kula unamwambiaje ale?

Eufrasia na Selestini hawakujaliwa mtoto, na hilo alishaacha kulilia. Wajukuu wa Bibi Minza ni watoto wa kaka zake Eufrasia, na wote wako Mwanza na Dar. Wakija Krismasi wanamwambia bibi shikamoo huku wanatafuta mtandao. Wasaidizi wawili wa kazi walishapita pale nyumbani na kuondoka, mmoja kwa kuolewa, mwingine kwa kuogopa ukimya. Ilifika mahali Eufrasia akaona wazi: ama apate mtu wa kukaa na mama yake, mtu kweli, ama afunge banda arudi Nkololo kumlea mwenyewe. Na akikosea kuchagua, mama atamfia mikononi mwa mgeni. Aliwaza hayo hadi akawa anakosea kutafsiri.

Akapata watu wawili. Wa kwanza alikuwa Goodness, binti wa familia ya mzee wa kanisa kule Dutwa, mwimbaji wa kwaya, anapiga goti hadi kwa muuza karanga. Wa pili alikuwa Kija, aliyelelewa na bibi yake huko huko upande wa Nkololo, anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni Bariadi, mwenye sauti inayofika kabla yake. Wewe ungefanyaje? Ungeuliza majirani, ungewapima kwa kazi. Mama Gemu aliwaita bandani asubuhi moja kabla ya wateja, akawakalisha kwenye benchi na kuwapa pedi.

"Ni mchezo tu," akawaambia, na uongo ule hata Selestini angeugundua.

Goodness alianza. Alisikiliza kila neno, akafikiri, akachagua jibu la kwanza. Kwa muuza samaki, la kwanza. Kwa kipofu, la kwanza. Kwa bibi wa kisimani akaweka mkono kifuani na kusema, "Maskini bibi," akachagua la kwanza. Moyo wa Eufrasia ukatulia, akajikuta anatabasamu.

Kija akafuata. Kwa muuza samaki alibishana bei na skrini. Kwa kipofu alimpa alichonacho chote, mpaka Eufrasia akashangaa. Akafika kisimani. Bibi akasema, "Karibu mjukuu wangu, siku nyingi sijaona mtu." Eufrasia akatafsiri, akasoma na majibu matatu. Kija hakungoja hata amalize. Akabonyeza la tatu, huku anacheka kwa raha zake zote.

Kwenye skrini bibi akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Kicheko cha Kija kikakatika.

"Mbona kanuna?" akauliza. "Si yeye mwenyewe kaniita mjukuu wake?"

Eufrasia alikuwa ameshainuka na kuichukua pedi mkononi mwake. Alikuwa amekasirika, nisifiche, na mtu mwenye hasira hana masikio. Mwanamke anayeuliza wateja habari za nywele zao hakuuliza siku ile. Alimshukuru Kija kwa kuja, akamfungulia pazia. Wiki ile ile Goodness akapanda pikipiki ya Danford na begi lake kwenda Nkololo.

Habari za kutoka huko zikawa nzuri. Nyumba inang'aa, mbuzi wanafungwa mapema, bibi anaogeshwa, anapakwa mafuta. Eufrasia akamtambia Selestini kwamba gemu haidanganyi. Ila kila alipopiga simu na kuomba kuongea na mama, Goodness alisema kwa sauti ya chini kwamba bibi amepumzika. Akipiga mchana, amepumzika. Akipiga jioni, amepumzika. Hatimaye akamwambia Danford ampeleke akaone mapumziko hayo ni ya aina gani.

Alimkuta mama yake kitini chini ya upenu, safi, kakunjiwa kanga vizuri, na mikono yake imekuwa vijiti. Eufrasia akapiga magoti kama binti anavyotakiwa, akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," akaitikia mama yake.

Goodness akaja na uji, akapiga goti naye. "Shikamoo bibi. Pole bibi. Kunywa kidogo bibi yangu, pole sana." Alisema taratibu, kwa upendo kabisa, wala hapakuwa na unafiki ndani yake. Bibi Minza akalamba kijiko kimoja kwa heshima, akageuza uso.

Goodness alipoondoka, bibi akasema, "Binti mzuri huyu. Hajawahi kunikosea."

"Sasa mbona huli, mayu?"

"Kuanzia asubuhi napewa pole. Mtu akipewa pole siku nzima anajua safari yake imefika." Akatazama kaburi la mumewe pembeni ya zizi. "Utakaporudi mara nyingine, uje na padri."

Njia nzima ya kurudi Bariadi Eufrasia alilia nyuma ya Danford, na Danford, kwa kuwa ni mtu anayejua adabu, alijifanya kudhani ni vumbi limemwingia machoni.

Kesho yake alifungua banda, akajifungia ndani. Sasa hapa kuna jambo ambalo hata wateja wake hawakulijua. Miaka yote hiyo ya kusoma majibu ya wenzake, Eufrasia hakuwahi kushika pedi mwenyewe. Alisema hana muda. Ukweli, aliona haya kutazamwa kwa namna alivyowatazama wengine. Siku hiyo akashika. Akatembea mpaka kisimani, akachagua jibu la kwanza. Bibi akamfungulia mlango, akampa mkate, akamwombea heri. Akarudia tangu mwanzo, akachagua la kwanza tena. Mkate ule ule, heri ile ile. Bibi alimshukuru kila mpole kwa maneno yale yale bila kumwangalia usoni.

Hapo ndipo lile swali lililopita masikioni mwake likarudi. Mbona kanuna? Si yeye mwenyewe kaniita mjukuu wake?

Aliacha mashine inawaka, akaenda sokoni. Alimkuta Kija kwenye fungu lake la michembe, akimtania mteja mmoja mzee aliyesema michembe yake migumu.

"Kija, nakuuliza na unijibu ukweli. Siku ile kwa nini ulimtukana yule bibi?"

Kija akamkazia macho kama anayeulizwa kwa nini anapumua. "Nimtukane? Mimi nilimjibu. Kaniita mjukuu wake. Mjukuu anamjibuje bibi yake, dada Eufrasia? Kwani na wewe si Msukuma?"

"Mjukuu anamwamkia."

"Anamwamkia mama yake! Bibi ni mke mwenzangu. Babu si ndiye mume wangu? Mimi bibi yangu alinilea tangu sijaota meno. Kila asubuhi namwambia, kizee, leo nayo umeamka, utaniachia lini nyumba ya mume wangu? Na yeye ananiambia nina miguu ya korongo, babu hawezi kunitaka. Ndio tunakunywa uji. Siku nikimwamkia tu kwa adabu anauliza kama nimefukuzwa mahali." Akapanga tena michembe iliyokwisha pangika. "Alikufa ananicheka. Nikamwona yule wa kwenye runinga amekaa vile peke yake, nikafurahi. Nikajua kuna mtu wa kugombana naye. Kumbe haujui utani."

Eufrasia akakaa chini, hapo hapo kwenye gunia. Alikuwa akiujua utani huo maisha yake yote. Alikua anausikia ukivuka ua kila siku, wapwa zake wakiwa wadogo wanamfukuza Bibi Minza jikoni na kudai mume wao. Ila yeye ni binti, si mjukuu. Hakuwahi kupewa jibu hilo, ndiyo maana alipoliona kwenye skrini aliliona tusi. Wapwa walipohamia mijini, na mzee alipokufa, hakubaki mtu mmoja Nkololo nzima mwenye ruhusa ya kumtukana mama yake.

"Funga michembe yako," akasema. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa mke mwenzako."

Walifika Danford akiwa amewapakia wote wawili. Bibi Minza alikuwa pale pale chini ya upenu, Goodness pembeni na kikombe cha uji uliopoa. Eufrasia akapiga magoti, akaamkia, akaitikiwa kwa sauti ndogo. Kija hakupiga goti. Alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, akaangalia nyumba, akaangalia zizi, akamwangalia ajuza toka kichwani hadi miguuni. Kisha akasema kwa Kisukuma, kwa ile sauti yake:

"Kumbe bado umekalia nyumba ya mume wangu, wewe kizee? Niliambiwa umekufa, nikaja kuchukua vyombo vyangu."

Kikombe kilimponyoka Goodness. Danford akavua kofia.

Bibi Minza akainua kichwa. Aliinua polepole, akakunja macho kumtafuta huyo anayeongea. Akamtazama. Akaendelea kumtazama.

"Mume wako?" akasema. "Mume wako yule pale." Akanyoosha fimbo kuelekea kaburini. "Nenda kalale naye. Alikuwa anakoroma."

"Siendi. Nataka nyumba hii yenye bati."

"Wewe na hiyo miguu? Bati la nini, hata chungu huwezi kuteleka."

"Nakushinda wewe."

"Unanishinda mimi?" Sauti ya Bibi Minza ilipanda mpaka jirani akachungulia. "Nyie, nishikeni mkono niinuke. Mtu anakuja kwangu kunitukana kwenye mapishi. Umebeba nini humo?"

"Michembe. Si yako."

"Lete niichemshe uone michembe inavyopikwa, mjinga wewe. Kisha ule unyamaze."

Akaingia jikoni mwenyewe kwa fimbo yake, Kija nyuma yake akidai huko ni kwake na aelekezwe chumvi ilipo. Wakapika wanagombana, ikaiva wanagombana. Bibi Minza akaonja mmoja kuthibitisha ubishi, akaonja wa pili kwa sababu Kija alisema wa kwanza ulikuwa mbichi, na akaendelea hivyo mpaka sahani ikawa nyeupe. Eufrasia alikuwa amejishikilia kwenye nguzo ya upenu na machozi yanamtoka bila aibu.

Kija alibaki Nkololo, na Goodness akarudi mjini na Eufrasia, si kwa kufukuzwa. Leo ndiye anayepokea wateja bandani, na wote wanampenda, maana mahali penye kelele za mpira mtu mpole anahitajika. Ferdinand anampa shikamoo ya utani kila jioni, kisha anakaa na kuanza kuwanyang'anya vipofu.

Lakini hilo ni la baadaye. Siku ile, jua likielekea kuzama, Eufrasia aliaga. Mama yake alikuwa amekaa wima kitini, akimsimulia Kija ubaya wa babu wakati wa ujana wake, na uso wake umerudiwa na uhai. Eufrasia alimtazama na furaha ikampanda kichwani. Akaona na yeye kwa nini asijaribu, mara moja tu maishani.

"Haya, kizee," akasema, "nakuacha. Usife kabla sijarudi."

Bibi Minza akamgeukia taratibu, na yale macho yakawa ya yule mama aliyemchapa kwa kuuliza wageni maswali.

"Eufrasia. Unaongea na nani?"

Eufrasia akajikuta amepiga magoti, licha ya mvi zake na banda lake na yote. "Nisamehe, mayu. Nilikuwa naaga."

"Aga kama mtu aliyezaliwa."

Akaaga kama mtu aliyezaliwa, akabarikiwa, akapanda pikipiki. Danford alipowasha, wakamsikia Kija kule nyuma akiuliza kama binti huyu mkorofi hivi ni wa babu kweli, na Bibi Minza akicheka mpaka akakohoa.